Mbele Stop, Nyuma Polepole

Watu wakisikia kwamba nimefanya kazi melini karibu maisha yangu yote, huniuliza habari za ziwa: mawimbi yake, upepo wake, uzuri wake jua likizama. Ziwa mimi silijui. Ziwa alilijua komanda wetu, aliyekuwa anasimama juu kwenye hewa safi na kofia yake kichwani. Mimi Tanganyika niliijua kwa upande wa chini, kupitia mabati ya meli, na zaidi ya yote niliijua kwa ndagala, wale dagaa wetu wadogo.

Moteri ya meli hunywa maji ya ziwa ili ijipoze, na maji hayo hupita kwanza kwenye chujio. Tukikatiza mahali ndagala walipojikusanya, chujio linajaa samaki, maji hayapiti, moteri inapanda joto, na fundi anavua shati na kuwachota kwa viganja huku mvuke unamuunguza kifua. Wenzetu wa juu walitutania kwamba sisi wa mashine tunalipwa mshahara na mboga tunaletewa kazini. Mke wangu aliwapika mara moja tu. Alionja, akasema wananuka mazutu, yale mafuta ya moteri, akawapa paka, na paka naye akaondoka.

Hizo ndizo zilikuwa kero zangu za kila siku, na nilizipenda kama mtu anavyompenda ndugu mkorofi. Ukutani mle chini tulikuwa na ubao wa vifaa. Kila ufunguo wa kukazia boliti ulikuwa na kivuli chake kilichopakwa rangi nyeusi, ukitoka mahali pake unaona pengo. Nilikuwa na bisibisi ndefu ambayo kazi yake kubwa haikuwa kufungua skrubu. Niliweka ncha yake juu ya chuma, mpini wake sikioni, na moteri ikanieleza inakoumwa. Pompa ya kutoa maji ya uvunguni niliifungia vipande vya ngozi ya ng'ombe, kutoka kwa wafugaji wa kule milimani juu ya Uvira, na ngozi hiyo ilidumu kuliko mpira wa Ulaya. Nasema hivyo kwa majivuno, na sioni haya.

Lakini kero kuu ilikuwa pumzi. Moteri yetu haikuwashwa kwa ufunguo kama gari. Iliwashwa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya chupa ya chuma, ndefu kunipita mimi, iliyosimama ukutani imefungwa kwa mikanda. Ukifungua bomba, hewa inaruka ndani ya silinda, inazisukuma pistoni, moteri inashtuka na kuanza kula mazutu. Tena haikuwa na gia. Ukitaka meli iliyokuwa inakwenda irudi kinyumenyume, lazima uizime moteri kabisa, uhamishe mkono wa chuma, kisha uiwashe upya izunguke kwa upande mwingine. Kila kuwasha kulikula hewa, na kila kuwasha sisi tulikuita pumzi. Chupa iliyojaa ilikuwa na pumzi chache tu. Iliyoijaza ni kompresa, na iliyoiendesha kompresa ni moteri ile ile. Maana yake ni kwamba chupa ikiisha, moteri imelala na hakuna wa kuiamsha, isipokuwa muijaze kwa pompa ya mkono, kazi ya kutwa nzima kwa mabaharia wote.

Sasa fikiria komanda juu na mimi chini. Yeye anasema neno, mimi natoa pumzi. Zamani palikuwa na saa ya amri: akisukuma mkono wake kule juu, mshale unageuka kwangu na kengele inalia. Mnyororo wake ulikatika Wabelgiji wangalipo, kipuri kikaagizwa Ulaya, na nadhani hadi leo kiko njiani. Tukabaki na bomba la kusemea, lenye mdomo wa shaba kwake na mdomo wa shaba kwangu, na makelele ya moteri katikati.

Uhuru ulipofika, Mbelgiji aliyekuwa fundi mkuu wetu alifunga sanduku lake. Alinikabidhi ubao wa vifaa, hakuna kivuli kilichokuwa kitupu, na kwa hilo namshukuru. Kisha akaipigapiga moteri mgongoni kama ng'ombe anayeuzwa, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, "Mutafunga hii bato kamba mbele ya mvua." Alikuwa na maana kwamba kabla mvua hazijaanza tutakuwa tumeshindwa, meli imefungwa gatini kwa kamba na kuku wanalala ndani. Masikio yaliniwaka kwa hasira. Nilimbebea sanduku mpaka kwenye gari, na toka siku ile nilikuwa na jambo moja tu moyoni: meli ile isifungwe kamba na isivutwe na mtu. Iende kwa mikono yetu.

Komanda wetu mpya alikuwa mwenzetu, aliyeshika usukani miaka mingi nyuma ya mgongo wa Mzungu. Siku aliyovaa kofia aliniita juu. "Fundi," akaniambia, "kuanzia leo minye sitaki tena kusikia avan na arieri za Kifaransa. Hii bato itasikia Kiswahili." Nilimshika mkono kwa nguvu hata akaguna. Sikuwa nimewahi kusikia amri tamu kama ile.

Tulirudi Kalundu, bandari yetu ya Uvira, kutoka kusini alasiri moja, safari yetu ya kwanza tukiwa wenyewe juu mpaka chini. Gati lilijaa watu. Ngoma zilipigwa, wanafunzi walishika bendera, na mkuu mpya wa bandari alikuwa amevaa tai katika joto lile. Sikuyaona hayo, niliambiwa baadaye. Mimi nilikuwa chini, nimevaa ovaroli iliyofuliwa, mkono mmoja kwenye bomba la hewa, sikio kwenye mdomo wa shaba. Sauti ya komanda ikashuka, nzito, yenye heshima zote:

"Mbele stop, nyuma polepole!"

Nikafanya. Tulikuwa tunakwenda mbele, nikasimamisha. Nikahamisha mkono wa chuma, nikatoa pumzi, moteri ikaanza kuzunguka kinyume, polepole, kama alivyosema. Kazi safi kabisa.

Kule juu watu waliona meli iliyokuwa imebakiza kidogo kugusa gati inageuza nia na kurudi ziwani kinyumenyume, kama iliyosahau kitu kule Baraka ilikotoka. Komanda akainama kwenye bomba: "Fundi! Unaenda nyuma juu ya nini?" Katika makelele yale nilichosikia ni "nyuma" tu. Nikaongeza mazutu. "Mbele! Mbele!" akapiga kelele. Nikazima, pumzi, tukaruka mbele. "Stop! Minye nilisema nyuma polepole!" Nikazima, pumzi tena. Ngoma zikanyamaza. Tulikwenda na kurudi mbele ya mji mzima mpaka nilipofungua bomba na chupa ikatoa mlio mwembamba, fyuuu, basi. Moteri ikalala. Upepo wa alasiri, unaotoka ziwani, ukatushika ubavu na kutusukuma taratibu mpaka mchangani upande wa Kilibula, pale wanawake wanapofulia.

Nilipanda juu uso mweusi kwa masizi. Wanawake walikuwa wamesimama majini, sketi zimekunjwa, wanacheka hadi wanashikana mabega. Mmoja akauliza, "Papa, hii bato yenu nayo imekuja kufula?" Na katikati yao, ameshika ovaroli yangu ya pili, alikuwa mke wangu.

Komanda na mimi tuligombana palepale. "Minye nilisema mbele stop, nyuma polepole!" "Na minye nilifanya vile vile, mbele stop, nyuma polepole!" Tulirudiana maneno yaleyale, kila mmoja akiyasema kwa sauti ya juu zaidi, kama vile mwenzake ni kiziwi. Mke wangu aliikamua ovaroli mpaka tone la mwisho, akaitupa begani, akasema:

"Munyamaze, mutusikilize na sisi. Komanda alisema mbele, ni kusema kwanza. Kwanza stop, kisha twende polepole mpaka ku gati. Weye baba ulisikia mbele, ni kusema kule ku pua ya bato. Akasema nyuma, ni kusema kisha. Weye ukasikia nyuma, kule ku mukia. Mbona hata mutoto anajua nyuma iko mbili?"

Huku kwetu ndivyo tunavyosema: mbele nile, nyuma nitakuja. Mbele ya mvua, nyuma ya mvua. Wote wawili tulikuwa tunasema hivyo toka tulipoanza kusema, na wala hatukulifikiri. Mpaka leo nashikilia kwamba sikukosea. Melini mbele ni mbele. Komanda naye alikufa akishikilia kwamba hakukosea, na mazishini kwake sikuurudia ugomvi ule, maana hakuweza tena kujitetea.

Wavuvi walitutoa mchangani kwa kamba, wanawake wakisukuma. Kamba! Nilimkumbuka yule Mbelgiji, nikatema mate majini. Mkuu wa bandari alikuja na tai yake imelegea, akasema turudie amri za Kifaransa, ama sivyo atapeleka habari Albertville, hii tunayoiita sasa Kalemie, meli ivutwe kule na kupewa watu wanaojua kazi. Nilitaka kumjibu vibaya, komanda akanitangulia. "Mukubwa," akasema kwa upole, "Kiswahili hakina kosa. Kosa iko mu maneno mbili tu. Tutazitosha."

Tukazitoa kweli. Tuliketi juu ya masanduku, mabaharia wote, tukachagua. Enda. Rudi. Simama. Mbele na nyuma zikapigwa marufuku ndani ya meli, si kwenye amri peke yake, hata kwenye mazungumzo, maana ulimi uliozoea haujui lini uko kazini. Adhabu niliitunga mimi: atakayetamka mojawapo ataosha sahani za mabaharia wote. Mpishi ndiye aliyeifurahia, siku moja. Siku ya pili akasema, "Mbele tukule, nyuma tupakie," akaosha peke yake huku tunamwimbia. Nyumbani nilikuwa natafuta maneno kama mgeni. Mke wangu akiuliza nitakuja kula saa ngapi, najibu, "Mama, kwanza nioge, kisha..." na yeye anamalizia kwa sauti kubwa, "Nyuma! Sema nyuma! Hapa si kwenye bato!"

Cheka utakavyo, lakini toka pale meli ile haikugusa gati vibaya hata mara moja. Komanda alijifunza kuzihesabu pumzi zangu kama mama anavyopima unga mwisho wa mwezi. Kabla ya kuingia bandari yoyote aliniuliza, "Fundi, iko pumzi ngapi?" nami namwambia, naye anapanga mwendo wake kwa kiasi hicho. Akaja kuingia Kalundu kwa pumzi moja tu, simama ya mbali, meli inateleza yenyewe na kulibusu gati, na nikisikia mshtuko ule mdogo wa mabati nilikuwa najisikia mrefu kuliko chupa yangu. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Hatukufungwa kamba.

Halafu ukaja uasi. Kwanza ulikuja kama habari, kisha kama ukosefu. Vipuri havikuja, mazutu ikaja kwa kubahatisha. Klape ya kompresa, kile kifuniko kinachozuia hewa isirudi, ilipasuka, nikachonga nyingine kutoka kwenye msumeno wa zamani, nikaisugua juu ya kioo mpaka ikalala sawasawa. Hiyo ilifanya kazi. Kilichonishinda ni shingo ya chupa. Nilipaka povu la sabuni na kuona vitone vinavimba na kupasuka, vinavimba na kupasuka, hewa yangu inatoka kidogokidogo. Nilikaza, nikafunga kwa kitani na rangi, ikapungua, haikuisha. Meli ikitembea si neno, kompresa inajaza. Tukilala gatini, chupa inajilia yenyewe. Na wakati ule tulikuwa tumelala Kalundu kwa kukosa mazutu, kila asubuhi naangalia saa ya hewa na sindano imeshuka.

Asubuhi waasi walipokaribia mji, watu wa bondeni ndio waliotuamsha. Walikuja kutoka Lubarika na vijiji vya Ruzizi, mikeka kichwani, mbuzi kwa kamba, wanasema kwa Kirundi na Kiswahili kwa pamoja. Mtaa wa Songo nao ukamwagika barabarani. Milio ya bunduki ilisikika upande wa Kavimvira. Wote walikuja kwenye meli, kwa kuwa ilikuwepo. Mke wangu alikuja na watoto, na nyuma yao mama mkwe wangu, aliyekuwa ameapa hadharani kwamba hatapanda bato yoyote ambayo mimi niko ndani.

Mazutu tuliyokuwa nayo ingetufikisha Bujumbura, si zaidi. Komanda alishuka kwangu. Hakuwa na desturi ya kushuka, alihofia kofia yake. Akaangalia saa ya hewa.

"Iko pumzi ngapi?"

"Iko moja, komanda. Na ile moja, minye siwezi kuiapia."

Alielewa. Meli ilikuwa imelala pua ndani ya bandari. Kutoka, siku zote, ni rudi, simama, enda, yaani pumzi mbili. Pompa ya mkono ingetaka kutwa, na kutwa hatukuwa nayo. Niliogopa. Nasema wazi. Nyayo za watu zilisikika juu ya kichwa changu kama mvua ya mawe, na kati ya nyayo hizo zilikuwemo za watoto wangu. Moteri isipokamata, tumewakusanya watu wale mahali pamoja ili wakutwe vizuri.

"Moja inatosha," akasema komanda, akapanda.

Alichokifanya juu nilikuja kuelezwa. Alifungua kamba ya puani, akaiacha ya mkiani. Asubuhi upepo wetu unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, naye akauachia uisukume pua nje, huku wanaume wakisukuma kwa miti na wengine wakiivuta kamba ya mkiani, mpaka meli ikaanza kugeuka yenyewe kuelekea maji mapana. Mimi wakati huo niliizungusha moteri kwa mtalimbo, kwa nguvu za mabega, mpaka pistoni ikakaa pale ninapotaka. Nikaweka mkono wa chuma upande wa enda. Nikashika bomba la hewa. Nikangoja.

Bomba la kusemea likapasuka kwa sauti: "Nyuma! Nyuma! Nyuma!"

Mwenzangu wa kutia mafuta, mtu mzima aliyekuja kwetu uasi ulipokwisha kuanza na hajaizoea sheria yetu, akaruka kwenye mkono wa chuma. "Fundi, amesema nyuma!" Nilimpiga kofi mkononi. Vidole vyangu vilikuwa vimeganda kwenye bomba la hewa na havikufungua. Katika meli ile nyuma haikuwa amri. Komanda hakuwa amelitamka neno lile kwangu toka siku ya Kilibula, hata kwa hasira, hata kwa mzaha, hata ulevini. Kama analisema, basi hasemi na mimi. Nilimwamini kuliko nilivyoyaamini masikio yangu. Jasho liliniingia machoni nikaliacha.

Kisha, kwa utulivu, kama siku yoyote nyingine:

"Enda."

Nikafungua. Hewa yote iliyokuwemo duniani kwangu ikaingia. Moteri ikaguna, ikazunguka kwa uchovu, ikasita, ikakohoa mara moja, ikakamata. Nilipiga yowe ambalo sijawahi kulipiga tena. Mwenzangu akanikumbatia, yeye na kofi lake. Sindano ya saa ya hewa ikatetemeka, kisha ikaanza kupanda.

Baadaye komanda aliniambia watu waliochelewa walikuwa wameirukia kamba ya mkiani, wananing'inia juu ya maji karibu na panga linaloisukuma meli, naye akawa anawapigia kelele warudi nyuma, mdomo wake ukiwa karibu na bomba. Mabaharia waliwavuta ndani. Kama ningerudisha meli wakati ule, kamba na watu wangejisokota kwenye panga. "Ulinisikia?" akaniuliza. Nikamwambia nilimsikia vizuri sana. Alivua kofia yake, akanivisha, na nikaenda nayo chini ikachafuka grisi, na hakuidai mpaka Bujumbura.

Ziwa lilipotulia nilipanda kuwatazama wangu. Mama mkwe alikuwa amelala juu ya mzigo wa kamba, kinywa wazi. Mke wangu alikuwa ameketi mkiani na mtoto mapajani, anaangalia Uvira inavyokuwa ndogo chini ya milima, moshi ukipanda mahali ambapo hatukutaka kukisia ni wapi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilisimama karibu yake na kofia ya komanda kichwani.

"Baba," akaniuliza, "na nyuma? Nyuma tutarudi?"

Mabaharia waliokuwa karibu wakageuka kuniangalia. Mimi, niliyeitunga ile adhabu kwa kinywa changu, nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nyuma, mama, tutarudi."

Mpishi aliniletea beseni. Watu wote wa meli ile walikula mchana ule, pamoja na wale wa Lubarika na wa Songo, na sahani niliziosha zote.